Muhogo wa Shamba Lile Lile

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Mundika tumeamka salama. Babu yako anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio. Mvua imechelewa.

Uliniuliza kwa simu ni nani aliyekosea. Kipimo cha kwanza kilisema saratani ya titi langu inalishwa na homoni, nikameza vidonge miaka yote hiyo. Sasa imerudi kwenye ini, daktari amekata kinyama kipya cha kupima, na majibu yanasema hailishwi tena na homoni. Dawa imebadilishwa.

Nikiwa msichana kule Marachi, mama yangu hakupika muhogo kabla ya kuuonja mbichi, hata wa shamba analolijua, maana muhogo mchungu una sumu. Siku moja, baada ya kiangazi kirefu, nilichimba pale kwenye muhogo wetu mtamu nikapika bila kuonja. Nyumba nzima tulitapika. Nikalia, "Lakini mama, huu ni mtamu, naujua!" Akanifuta uso. "Hukudanganya. Ulikuwa mtamu ulipouonja mara ya mwisho. Jua limeugeuza."

Kwa hivyo usimkasirikie mtu wa maabara. Alisema kweli ya siku ile. Mimi nafurahi tu kwamba safari hii walionja tena.

Na wewe, ninayemjua ni yule aliyepanda basi hapa Busia miaka minne iliyopita, mwenye nywele fupi na kicheko cha haraka. Simu hainitoshi. Njoo nikujue upya. Usingoje Krismasi.

Kukhu wako