Mshale wa Joto Uliokuwa Chini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: fundi magari kuungua uso na mikono kwa maji ya rejeta
Shahidi: mwanafunzi wa sekondari, miaka 16. Jina halitajwi kwa sababu ya umri.
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, pamoja na mama yake
Aliyefuatana naye: mama yake mdogo

Nimeomba kuandika mwenyewe kwa sababu nikiongea mbele ya watu sauti hunikauka. Afande amekubali.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu mama alipeleka gari letu kwa fundi anayeitwa Sekunde. Watu wamempa jina hilo kwa kuwa kila kazi kwake ni "sekunde tu, dada". Gari ni la zamani, limetembea zaidi ya kilomita laki nne, na lilikuwa linachemsha. Nilimweleza fundi nilichokiona: kwenye barabara tupu lilikuwa zima, lakini likisimama kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Kitabu cha maktaba kinasema gari la namna hiyo liangaliwe feni kwanza, na feni yetu haikuzunguka hata maji yakichemka. Fundi aliwaambia wenzake wanisogezee kiti, Profesa amekuja kukagua gereji. Walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Jioni aliturudishia gari, akamhakikishia mama kwamba mshale hautapanda tena. Kweli haukupanda.

Tarehe 9 asubuhi mama alikuwa anampeleka bibi hospitali kusafishwa damu. Mimi nilikaa nyuma nimemshika bibi bega. Tulikwama kwenye foleni ya darajani. Mshale ulikuwa chini kabisa, kwa hiyo mama hakuona sababu ya kuzima injini. Mvuke mweupe ukatoka kwenye boneti, gari likazimika. Tulipopata gari jingine na kufika, nafasi ya bibi ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Tuliambiwa turudi kesho. Kesho yake bibi hakuamka.

Baada ya mazishi nilifungua boneti peke yangu. Feni ilikuwa ileile, imekufa. Nikafuata waya unaopeleka habari za joto kutoka kwenye injini hadi kwenye mshale. Ulikuwa umekatwa, na ncha zake zimezungushiwa utepe mweusi, mpya. Ni kama kuvunja kipimajoto ili mgonjwa asionekane ana homa. Nilikwenda chumbani kumwambia mama, nikamkuta anakunja nguo za bibi. Nikarudi bila kusema.

Tarehe 16, saa nne asubuhi, tulikwenda gereji. Mama alitaka tu fundi akiri kwamba alikosea. Njiani kulikuwa na foleni. Mama alikuwa analia, hakusikia maji yakigonga ndani ya rejeta. Mimi nilisikia.

Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mama alishuka, akamweleza fundi polepole jinsi tulivyokwama na jinsi bibi, mama yake mzazi, alivyofariki. Sekunde alikuwa anafuta mikono.

"Pole sana, dada. Lakini gari zee ni kama huyo bibi. Likichoka limechoka, usitafute mchawi."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha akajuta, akajifanya anakohoa.

Fundi akafungua boneti. Aliwaambia wateja kwamba kazi yake ni safi, na mwenye macho aangalie mshale. Mimi nilikuwa bado nimekaa kiti cha mbele.

"Haya, Profesa, tusomee. Uko wapi?"

Nilimjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata darasani.

"Uko chini kabisa, fundi. Kama ulivyouacha."

Alinitazama. Naamini alikumbuka palepale. Angeweza kuwaambia wale wateja kwamba mshale hauna maana kwa sababu waya aliukata yeye. Nilimsubiri aseme. Joto la injini lilikuwa linanifikia dirishani. Akaangalia benchi, akachukua kitambaa, akazungusha mfuniko wa rejeta.

Maji yaliruka kupita kichwa chake. Mama yangu ndiye aliyekimbilia ndoo na kummwagia maji baridi, wengine wakiwa wamesimama tu. Wanaodai kwamba mama alimwambia afungue hawasemi kweli. Hakuna aliyemwambia. Mama hakujua habari za waya, na tangu jana yuko mahabusu. Naomba atolewe.

Mama mdogo amenikanyaga mguu chini ya meza. Afande ameniuliza kama ningeweza kumwonya fundi. Ningeweza, muda ulikuwepo. Ameniuliza kwa nini basi sikumwonya. Nilitaka achague mwenyewe, na nilitaka achague vibaya.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimeyasoma, na sijaongeza wala kuficha kitu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika kwa mkono wake mbele yangu. Kabla hajatia sahihi nilimweleza kwamba maneno yake kuhusu kuchagua yanaweza kumfanya awe mshtakiwa, na kwamba anaruhusiwa kuyafuta. Mama yake mdogo alimsihi ayafute. Shahidi alichukua kalamu, akayaandika upya kwa herufi kubwa zaidi, akaniuliza kama sasa yanasomeka. Nilimjibu kwamba yanasomeka. Mama yake ametolewa mahabusu saa kumi jioni. Shahidi amebaki kituoni.