Sindano Aliyochomwa Theonest

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa Kituo cha Polisi, Geita, tarehe 30 Juni 2025, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Paskalia Makoye (Mama Blessing)
Umri: Miaka 63
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima, na muuzaji wa mchele sokoni
Makazi: Buseresere, Wilaya ya Chato

Mimi Paskalia Makoye nina akili timamu. Nimekuja mwenyewe, sikuletwa wala sikutumwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashitakiwa, nami nimekubali. Naeleza yafuatayo.

Mimi ni mjane wa Theonest, aliyefariki dunia akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa fundi wa baruti kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, tangu ujana wake, akaacha kazi mikono ilipoanza kupinda kwa ugonjwa wa viungo. Kwa ugonjwa huo daktari alimwanzishia vidonge vya kushusha kinga ya mwili, maana kinga yake ndiyo iliyokuwa inakula viungo vyake. Alikuwa akivimeza kila asubuhi baada ya uji, bila kukosa. Jambo hilo kila aliyefika kwetu alilijua.

Binti yetu Blessing alikuwa mpishi kwenye meli ya kitalii. Mwaka huu kampuni yake ilimruhusu kuwapandisha wazazi wake kwa safari moja, kutoka Mombasa kwenda Zanzibar na visiwa vya mbele. Bandari za huko zilitaka kadi ya manjano, ile ya kuonyesha kwamba umechanjwa homa ya manjano. Blessing alituunganisha na wakala wa safari hapa Geita mjini, anaitwa Davis. Yeye alikuwa anakusanya kundi la watu kumi kwa meli hiyohiyo, wengi wazee. Huyu Davis ndiye ninayemlalamikia.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, siku ya Jumatatu, Davis alitupitia Buseresere kwa gari akatupeleka Mwanza kwenye zahanati ya binafsi, ambayo tayari nimekwisha kumwonyesha askari. Njiani mume wangu alimuuliza, "Mwanangu, hivi vidonge vyangu havitagombana na hiyo sindano?"

Davis akacheka. Akasema, "Mzee, mkiulizwa magonjwa semeni hamna. Wale manesi wakisikia kidonge chochote wanaanza kuwarudisha watu. Majina yanafungwa leo jioni, na mmoja akipungua kundi zima linafutwa."

Nikamuuliza mimi, "Kama ni hatari je?"

Akanijibu, "Mama Blessing, mama yangu mzazi yumo kwenye safari hii. Ana miaka sabini na nne. Nilimpeleka akachomwa, sasa hivi yuko kwake Mhunze anapepeta mahindi. Ningemchoma mama yangu kitu kibaya?"

Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyotoka kinywani mwake. Naomba yaandikwe hivyo hivyo.

Pale zahanati nilitangulia kuchomwa mimi, nikaambiwa nikae kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia nesi akimuuliza mume wangu kama anatumia dawa za kila siku. Theonest hakuwa mtu wa kudanganya. Alisema, "Ndiyo, sista, natumia za viungo, zile za kushusha kinga." Davis, aliyekuwa ameingia naye, akadakia, "Anamaanisha za presha, sista. Mzee huwa anachanganya." Nesi akamtazama mume wangu. Mume wangu akamtazama Davis. Nilimwona akinyamaza jinsi mtu mzima anavyonyamaza akishafanywa mtoto mbele za watu. Kisha akakunja mkono wa shati.

Mimi sindano ile haikunidhuru. Mkono uliuma kidogo, basi. Siisemi chanjo vibaya na sitaki watu waseme Paskalia amekataza chanjo. Ninamsema mtu.

Siku ya tatu mume wangu alianza homa. Tulidhani malaria, tukaenda kituo cha afya, wakapima wakasema hana. Nilimpigia Davis. Akasema, "Ni homa ya sindano, mpe maji mengi." Homa ilizidi, akawa hawezi kushika kikombe. Nilimpigia tena. Safari hii aliniambia, "Mkienda hospitali msitaje chanjo, mama. Mtazuiwa kusafiri."

Mnamo tarehe 18 Mei nilipomfungulia dirisha asubuhi niliona macho yake yamekuwa ya njano kama binzari. Tulimkimbiza hospitali ya rufaa Mwanza. Nilipoulizwa nilitaja kila kitu, pamoja na chanjo. Daktari aliyempokea alishika kichwa. Alinieleza taratibu kwamba chanjo ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwenye kinga nzuri kinampa ulinzi. Aliyefika umri wa mume wangu huangaliwa kwanza kwa makini, na anayemeza dawa kama zile hachomwi kabisa. Anaandikiwa barua ya msamaha ya kuonyesha bandarini, na bandari ikikataa, basi anaahirisha safari. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ilikuwepo njia nyingine?" Akasema, "Ilikuwepo, mama."

Theonest alifariki tarehe 23 Mei, saa nane mchana. Nilikuwa nimemshika miguu. Alikuwa mtu mweusi wa kung'aa, na nilimzika akiwa na rangi nisiyoijua.

Blessing aliteremka melini Mombasa, akaja kwa mabasi, akamkuta baba yake kwenye jeneza. Kazi ile ameipoteza. Tangu siku hiyo hapiki. Hata chai tunamchemshia sisi.

Davis alikuja msibani tarehe 27 Mei. Alileta mchele na sukari, akaja na mama yake, Scolastika. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mungu amempenda zaidi. Malaria inatumaliza, ndugu zangu." Nilikuwa nimekaa mkekani. Nilimwitikia "Amina" na wengine.

Baadaye alipotoka kuzungumza na simu, mama yake aliomba maji ya kumezea dawa. Nilimpelekea mwenyewe. Alifungua kitambaa akatoa vidonge, nami nilivifahamu kabla hajavitia mdomoni. Vilikuwa vilevile vya Theonest.

Nikamuuliza, "Mama Davis, vya nini hivyo?"

Akasema, "Vya kifua changu, mwenzangu. Mwaka wa tatu sasa navitumia."

Nikamuuliza, "Na sindano ya safari ulichomwa navyo?"

Akasema, "Mimi? Sijachomwa. Ng'wanawane, mwanangu huyu, alinipeleka kwa daktari mwezi wa nne. Daktari akasema kwa vidonge hivi na umri huu nikichomwa naweza kufa. Nikaandikiwa msamaha. Davis alimshukuru yule daktari mpaka akapiga magoti." Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu ananipenda sana." Hakujua anachonipa. Mama yule hana hila hata kidogo.

Nilikaa pale pale. Machozi yangu yalikatika, na hayajarudi hadi leo.

Davis alijua. Alijua tangu mwezi wa nne. Kwenye gari, mume wangu alipomuuliza, alikuwa na jibu kamili kinywani, lenye jina la kidonge, akalimeza.

Ndugu za marehemu wangejua siku ile wangemchoma moto na nyumba yake. Sikuwaambia. Kuungua ni kwa muda mfupi. Nilitaka aendelee kuniita mama, aje anisalimie, akae na amani. Na kila alipokuja niliitikia "Marahaba, mwanangu."

Nilipata habari kwamba anaandaa kundi jingine la wazee. Mnamo tarehe 24 Juni, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nilikwenda ofisini kwake hapa Geita. Nilikuwa nimemwomba Scolastika anisindikize, nikamwambia nataka kuuliza habari za safari yetu iliyokufa. Nilimwomba pia Bartholomeo, katekista wetu, aje awe shahidi. Yeye nilimweleza ukweli. Yule mama sikumweleza. Naomba hilo nalo liandikwe, kwa sababu nilifanya makusudi.

Tulikuta wazee watano wamekaa na vitambulisho mikononi. Davis alituamkia, "Shikamooni mama zangu," akaleta viti. Nikangoja tukae. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika, "Davis mwanangu, hawa wazee wanaogopa sindano. Waambie mama yako alichomwa lini."

Akaangalia mlangoni. Akasema, "Mama, mambo hayo tuongee ndani."

Nikasema, "Wanaosafiri ni hawa. Waambie hapa. Uliniambia mimi garini kwamba alichomwa. Ni kweli au si kweli?"

Akamwangalia mama yake, akamkonyeza kidogo, akasema, "Ni kweli. Alichomwa kama wengine wote."

Scolastika akasema, "Hapana, Davis. Umesahau? Daktari alisema nitakufa."

Mzee mmoja anaitwa Chacha, mchimbaji wa zamani, akauliza, "Mimi nameza dawa za figo zangu. Mbona kijana umeniambia nisizitaje?"

Hapo ndipo nilipomgeukia Scolastika. Nilimwambia, "Vidonge nilivyokuona unameza msibani ndivyo alivyokuwa anameza mume wangu. Alimuuliza mwanao kama vinagombana na sindano. Mwanao akamwambia anyamaze. Nesi alipouliza, mwanao akamdakia, akasema ni vya presha. Wewe alikutafutia msamaha. Wangu akampeleka akachomwa."

Scolastika alimgeukia mwanawe. Akamuuliza, "Ulijua?"

Davis akasema, "Mama, majina yalikuwa yanafungwa."

Akamuuliza tena, "Ng'wanawane, nimekuuliza ulijua?"

Davis akasema, "Nilidhani hatapata shida. Wengi hawapati. Nilijua, mama, ila nilidhani..." Hakumaliza. Aliyasema hayo mbele ya Bartholomeo, Mzee Chacha na wale wengine, na wako tayari kueleza.

Mama yule alitoka kitini akapiga magoti mbele yangu, umri ule, kwenye sakafu ya saruji. Akanishika magoti. "Mwenzangu, ninaye huyu tu. Ninaye huyu tu." Nilimwinua kwa sababu ni mkubwa kwangu na si adabu. Nilikuwa namwangalia Davis anavyomwangalia mama yake akiwa chini. Hicho ndicho nilichokifuata mjini siku ile. Nilitaka aone mzazi wake anafanywa mdogo mbele za watu naye hana la kusema.

Siku iliyofuata ukoo wao walikuja Buseresere na ng'ombe sita na mwenyekiti wa kitongoji, kutaka tuyamalize nyumbani. Shemeji zangu walianza kulainika. Niliwaambia, "Mwenye kuwataka hao ng'ombe aende akakae nao kwao, asikae kwangu." Ng'ombe walirudishwa siku hiyohiyo. Scolastika hakuja nao.

Jana Jumapili ndipo alipokuja, peke yake, kwa basi kutoka Mhunze. Nilijua anakuja kulia. Hakulia. Alisimama nje ya uzio, hakutaka kiti wala maji. Akasema, "Kesho naenda Geita kueleza. Nitasema daktari aliniambia nini, na Davis alikuwa amesimama wapi alipoambiwa. Wakinikataa kwa uzee wangu nitarudi tena." Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema, "Nimemzaa mimi. Nikinyamaza atapeleka na wale wengine." Halafu akasema kwamba akimaliza kueleza hana tena mtoto wa kumtazama usoni. Akaenda zake.

Afande ameniuliza nilijisikiaje. Niko mbele ya serikali, sitadanganya. Nilifurahi. Nilimwona yule mama akishuka barabarani taratibu, anasimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi, nami nilifurahi. Si kwa kumchukia yeye. Nilifurahi kwa sababu Davis atasikia mashitaka yake kwa sauti iliyombembeleza.

Nimeulizwa kama niko tayari kusamehe au kupatana. Siko tayari. Nimeulizwa kama ninataka fidia. Sitaki. Ninataka ashitakiwe, na siku ya kesi nipewe kiti ninapoweza kumwona uso.

Ninayoyajua ndiyo haya, sina la kuongeza. Nimesomewa neno kwa neno, nimeona yameandikwa nilivyotamka, na naweka sahihi yangu kwa hiari.

(Sahihi) Paskalia Makoye

UTHIBITISHO WA MWANDISHI
Mimi Koplo Mwanaima nimeyaandika maelezo haya kutoka kinywani mwa shahidi, nikamsomea, akakubali. Nilimshauri shahidi kwamba sehemu anayosema alifurahi haihitajiki katika kesi na inaweza kuondolewa. Amekataa, ametaka ibaki. Maelezo yamefungwa saa sita na dakika kumi mchana. Shahidi anayefuata, Scolastika, miaka 74, mkulima wa Mhunze, alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi na mapema. Shahidi wa kwanza alipotoka alimpita bila kumsalimia, akafika mlangoni, akarudi, akaketi upande wa pili wa benchi hilo. Nilipomuuliza anasubiri nini amejibu, "Atahitaji mtu wa kumfikisha stendi."