Udi Wako na Sikio la Ilham

Shoga yangu Mwanaisha,

Mwanao kapasuliwa nyuma ya sikio la kulia. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ningeanza na salamu ungesema nakuzungusha kama fundi aliyeharibu kitambaa cha mtu. Yu hai. Anakula. Mimi ndiye bado sijaamini.

Ulituacha Ilham hajatimiza arubaini. Mama yako, Bi Zuwena, akahama Chwaka kuja kumlea humu chumbani mwako. Kila magharibi alikuwa anafunga madirisha, anaweka chetezo, anatia udi. Udi wako ule ule, nnaoupika mimi kama ulivyonifundisha, na sukari na mawardi na yale mengine tuliyoapa tusimwambie mtu. Mama yako anasema mtoto asiyemjua mamake kwa sura, na amjue kwa harufu. Nani angebisha? Makaa nilipeleka mimi. Akishafukiza anamlaza chali, anamuegemezea chupa ya maziwa kwenye mto, anakwenda kusali.

Mafua hayakumtoka. Likaja sikio, likatoa usaha. Jirani akasema meno hayo. Bi Zuwena akatia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, usaha ukakata, sote tukamsifu. Kumbe ulikuwa unatafuta njia nyingine.

Ijumaa iliyopita, asubuhi, namvua kofia, naona sikio limesukumwa mbele, kama mtu kalitia kidole kwa nyuma. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, ni kuwa kaanza kufanana na kaka yako na yale masikio yake. Kisha nikaona pale nyuma pamevimba, pekundu, na mwili wote moto. Nilipopagusa alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtoto.

Hospitali daktari, msichana mdogo tu, akasema usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo kwenda kwenye ubongo si mbali. Si mbali, Mwanaisha. Kama anakuelekeza dukani. Siku ile ile wakampasua.

Alipotoka salama ndipo daktari akauliza nani nyumbani anavuta sigara. Bi Zuwena akapandwa na hasira: nyumba yake watu wa dini, moshi wake ni udi peke yake.

"Bibi," daktari akamwambia taratibu, "pua ya mtoto haiulizi moshi wa nini."

Akatueleza kuna kamrija kanakotoka puani kwenda sikioni, kwa mtoto ni kafupi na kamelala. Mafua na moshi hukavimbisha kakaziba. Maziwa ya chupa, mtoto akinywa amelala chali, nayo hupanda humo. Na sikio likitoa usaha halitiwi mafuta, linaletwa hospitali. Akasema pia aliyenyonya mamake huwa na kinga zaidi. Hapo sote tulitazama sakafu. Hilo halikuwa na wa kulaumiwa, na naona hata yeye alitamani angelimeza.

Nshafukiza maharusi, nshafukiza nguo za Idi, nawe nilikufukizia sanda. Siku hata moja sikuwaza kwamba moshi unaonukia ni moshi vilevile.

Jana wamempima kusikia. Wakigonga kijiti kushoto, anageuka. Wakigonga kulia, anaendelea kuvuta herini yangu kana kwamba chumba kizima kimenyamaza. Daktari anasema tungoje, huenda likarudi, huenda lisirudi. Tulipofika nyumbani Bi Zuwena alifungua madirisha yote kwa mkono wake, chetezo akakifunga kwenye khanga akakitia uvunguni. Maziwa sasa anampa amempakata, kichwa juu, na anamkazia macho mpaka tone la mwisho.

Chumba chako kinanuka chumba. Harufu yako inaondoka, shoga, sikufichi. Jioni nilimkuta mama yako kajifunika uso kwa buibui lako, nikarudi nyuma kimya kimya.

Basi Ilham hatakujua kwa pua. Atakujua kwa maneno, nami ninayo mengi, mengine mpaka aolewe. Nakuahidi nitakaa kushoto kwake kila siku nimsimulie. Na Mungu akilifungua la kulia, nitahamia upande huo nianze upya.

Lala, Mwanaisha. Mtoto tunaye.

Shoga yako,
Salma