Marinda Kumi Niliyoyatoa Nimefumba Macho

Jumapili, Julai, saa tisa alasiri. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuvaa soksi jozi mbili.

Nimekaa dirishani hapa mtaani Lucky Summer, blanketi mabegani, natazama marinda matatu ya Mama yaliyoanikwa kwenye roshani. Leo hayakauki. Upepo ukija yanajaa, mabega yanainuka, na kwa dakika moja ni wanawake watatu waliosimama kusikiliza mvua. Ndivyo nilivyo. Ukiniachia nguo tupu naitafutia mwenyewe. Huyu wa maua ya njano, kwa mfano, naona alikuwa akichelewa kila mahali, kama mimi.

Ningeendelea nao mpaka jioni, lakini kuna jambo linaniuma.

Nimemharibia Mama urafiki wake.

Mama anauza marinda ya mitumba katika soko la Gikomba. Marobota yake ameyanunua kwa Mama Zuhura tangu mimi nikiwa chekechea. Stoo ya Mama Zuhura iko hatua chache kutoka kibanda chetu, na kila asubuhi kabla ya kazi wawili hao hunywa chai pamoja, chupa moja, vikombe viwili. Mama Zuhura ana neno lake ambalo halibadiliki: katika kila marinda kumi, saba ni kamera. Kamera ndizo nguo za kwanza, safi, ambazo mteja akishika haachi. Zinazobaki mwisho kabisa tunaziita fagia, na jina linajieleza.

Mwezi uliopita Mama akaanza kurudi nyumbani amenuna. Kamera zimepungua, alisema, na majirani wa kibandani walikuwa wameshamjaza maneno kwamba huyo mama amekuzoea, sasa anakuchezea. Basi mimi, mwanafunzi wa takwimu mwaka wa pili, nikajitia shujaa.

"Mama, hii si ya kubishania," nikamwambia. "Hii inapimika."

Tukakubaliana kwamba Jumamosi, robota jipya likifunguliwa alfajiri, niwepo. Jumamosi yenyewe nikalala. Niliota nimevaa gauni refu la kijani nikitembea sokoni, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele, nikaona hasara kuamka. Nilifika kibandani saa tano.

Sikuona tatizo. Rundo lilikuwa pale. Nikafumba macho, nikalichanganya kwa mikono yote miwili, nikatoa marinda kumi. Mama ndiye aliyeyachambua, maana jicho la kamera ni lake. Zikatoka kamera nne.

Nyumbani nikashika penseli. Ninachokipenda katika somo hili ni kwamba unaanza kwa kumwamini mtu. Unasema, haya, Mama Zuhura anasema kweli, ni saba kwa kumi. Kisha unauliza: ikiwa ni kweli, kuna uwezekano gani wa kutoa kamera nne tu, au hata pungufu? Sampuli ya kumi ni ndogo, ule mchoro wa kengele wa vitabuni hauifai, kwa hivyo nikapita njia ndefu. Nikatafuta uwezekano wa kukosa kamera kabisa, wa kupata moja, wa mbili, wa tatu, wa nne, nikajumlisha. Nilikuwa na raha, nakiri. Dirisha lilikuwa na ukungu na tarakimu zilikuwa zinashuka zenyewe.

Ikatoka chini kidogo ya tano kwa mia. Na tano kwa mia ndio mpaka niliokuwa nimejiwekea kabla ya kuanza. Maana yake, nikaikataa kauli ya Mama Zuhura. Neno "nakataa" nikalipigia mistari miwili.

Mama aliitazama ile karatasi muda mrefu bila kuuliza kitu. Jumatatu akaenda kumwambia Mama Zuhura kwamba sasa atanunua kwingine, kwa sababu mtoto wake amehakikisha kwa hesabu. Mama Zuhura hakugomba. Alisema tu, "Sawa, Mama Nekesa," akarudi ndani.

Wiki nzima Mama amekuwa akirudi na chupa ya chai nusu. Namsikia akiimwaga kwenye sinki.

Jana nikaamka mapema, nikaenda kumsaidia kufungua robota la muuzaji mwingine. Hata kamba hazijamaliza kukatwa, akatokea Mwalimu. Tunamwita hivyo ingawa aliacha kufundisha zamani, siku hizi ana duka la nguo mtaani Donholm. Alikuja na mifuko miwili. Akainama, akachagua bila haraka, rinda baada ya rinda, mpaka mifuko ikajaa. Zote kamera.

Nikamuuliza Mama kama huwa anakuja kila mara.

"Kila nikifungua. Mwezi wa pili huu."

"Hata Jumamosi ile?"

"Hata ile. Wewe ulikuwa umelala." Akakunja rinda. "Nilidhani hesabu yako inalijua hilo."

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja kabla sijapata hata mtoto.

Sikupima robota la Mama Zuhura. Nilipima kilichobaki baada ya Mwalimu, kilekile alichokihesabu Mama alipoanza kununa. Kila mstari kwenye karatasi yangu ni sahihi, nimeurudia mara tatu leo, na bado nimemsingizia mtu. Hata sasa siwezi kuapa kwamba ni saba kwa kumi. Ninachojua ni kwamba sina sababu ya kumkatalia. Kinachonichoma zaidi ni Mama, ambaye aliona tarakimu akaogopa kuniuliza swali ambalo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu lake.

Mvua imepungua. Wanawake wangu watatu wameshusha mabega.

Kesho nitaamka kabla ya Mama. Chai nitapika mimi, tangawizi nyingi kama wanavyoipenda, na chupa nitaibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mama Zuhura, na vikombe viwili. Nitamwambia nilichelewa, nikamhukumu kwa mabaki. Kama atakipokea kikombe, sijui. Nitamimina, nisubiri.