Tyubu Iliyo Kwenye Mkoba Wako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe na mama, na majirani wote wanaoniulizia, hata na wale wasioniulizia. Natumaini barua hii inakukuta unakula vizuri na kwamba mama hajakuchosha kwa maneno. Mimi nipo, kazini naenda, ila uso wangu una habari zake nitakazokueleza. Mikono yako inaendeleaje? Hilo ndilo swali ninalotaka kuuliza na ndilo ninaloliogopa, kwa hiyo niache nizungukezunguke kidogo kwanza. Unanijua nilivyo.

Karakana ya mabango iko vilevile ulivyoiacha. Mzee Rula bado anapima kila ubao mara tatu kisha anatugombeza kwa kuchelewesha kazi. Bado hatupi tyubu ya rangi hata ikiisha. Anaufungua mkia wake, anajaza rangi aliyochanganya mwenyewe, anaukunja upya, anaubana kwa koleo, halafu anajisifu kwamba hata kiwandani hawawezi kufanya hivyo. Ule ubao mkubwa wa shule umefika, wenye herufi za urefu wa mkono mzima. Nilipewa mimi. Naam, mimi, niliyepaka rangi ya chini miaka kumi na moja huku wengine wakiandika juu yake.

Nilidhani siku nitakayopewa herufi nitaimba. Niliandika nusu ya ubao, na kila nilipoangalia niliona herufi zimelala kidogo, zote upande mmoja, kama watu waliochoka kusimama. Mzee Rula alizitazama, akakohoa, akaenda kunywa chai.

Mdogo wangu, nilikuonea wivu. Sisemi ule wivu wa kutaniana, wa nani kavaa nini. Nasema wivu wa kunifanya nishindwe kumeza chakula ukiwa umekaa mbele yangu. Mimi ndiye niliyekuleta karakana. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika brashi kwa vidole vitatu na kubana pumzi kwenye kona. Mwaka wa pili tu, wateja wakaanza kuingia wakimuulizia yule mdogo. Unaikumbuka siku Mzee Rula, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimjue, aliposimama nyuma yako akasema kwamba herufi zako zinasimama zenyewe? Wewe ulikuwa juu, unacheka. Mimi nilikuwa chini nimekushikia ngazi.

Basi mikono yako ilipoanza kuwasha na kuwa myekundu, ikapasuka kwenye viungo kwa sababu ya kunawa kila jioni kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, nilikusindikiza hospitali kwa uso wa huruma. Huruma ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Lakini pembeni yake kulikuwa na kitu kingine kilichokaa kimya kikichekelea.

Daktari alikupa vitu viwili, tukavisikiliza pamoja. Krimu nyeupe ya kopo, ya kulainisha ngozi, upake mara nyingi upendavyo. Na tyubu ndogo ya dawa yenyewe ya kutuliza uvimbe. Hiyo alisema ni mara moja kwa siku, kwa juma moja au mawili mpaka ngozi itulie, na nyembamba tu. Ukikamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili. Akasema usivipake kwa pamoja, upishanishe kama nusu saa. Akasema uvae glavu na tina ikome. Ulikuwa unaitikia kila neno, na mimi nilikuwa natazama ile tyubu.

Siku tisa mikono ikapona. Ikawa laini kuliko mwanzo, mpaka yule mama mwenye duka la vitambaa, alipokuja kuagiza bango, akakuuliza unapaka mafuta gani. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na madoa yangu ya chunusi mashavuni, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninapaka nini. Nikajiambia, kwa nini kila kizuri kiende kwake?

Nikayachukua kwa siri mabaki ya tyubu yako, nikaanza kupaka dawa hiyo usoni. Majuma ya mwanzo, nikuambie kweli, niliringa. Madoa yalififia, ngozi ikang'aa. Hata wewe ulisema dada umekuwa kigoli, nikacheka, nikakwambia ni kunywa maji mengi. Nilikuwa napaka asubuhi na jioni, na nikihisi uso umekaza naongeza. Mwezi wa nne nikakosa dawa siku mbili. Uso ukawaka kama nimepakwa pilipili. Vikatoka vipele vidogo kuzunguka mdomo, na mashavuni vikaonekana vijishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi. Nikapaka tena, ukatulia. Nikaacha, ukawaka. Fundi mmoja wa karakana jirani akanishauri nipake zaidi, nami nikamsikiliza kwa kuwa ndicho nilichotaka kusikia.

Mwishowe nilikwenda kliniki. Mama daktari wa huko ana miwani anayoivaa ili aweze kukutazama kwa juu yake. Aliniuliza nani aliniandikia dawa hiyo. Nikasema daktari. Akaniuliza daktari gani. Hapo nikakiri kwamba haikuwa yangu.

Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza kwamba dawa hizo zina nguvu tofauti tofauti. Ya mikono huwa kali kwa sababu ngozi ya viganja ni nene, lakini ya uso ni nyembamba, na dawa kali ikikaa huko miezi, ngozi inazidi kuwa nyembamba na kuzoea, ikiikosa inaleta ghasia. Akasema mwenye shida hiyo asijiamulie peke yake namna ya kuacha, afuatiliwe na mtu anayejua. Nilipomwambia kwamba basi dawa yenyewe ni sumu, alitikisa kichwa. Alisema wapo wanaoharibika kwa kuipaka ovyo, na wapo wanaoteseka bure kwa kuiogopa, wanapaka tone moja na uvimbe hauondoki. Ikitumiwa na aliyeandikiwa, mahali alipoambiwa, kwa kiasi na kwa muda alioambiwa, ni dawa nzuri tu.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya nikae kuandika. Aliuliza, mwenye dawa yake alikuwa akipaka nini muda wote huo?

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Unakumbuka nilivyojitolea kukuchukulia dawa ulipougua tena, nikakuambia duka la dawa liko njiani kwangu? Duka la dawa haliko njiani kwangu. Nilikuwa natoa tyubu ile kwenye boksi lake, naufungua mkia kama tulivyofundishwa na Mzee Rula, naitoa dawa yote kwa ncha ya kisu na kuiweka kwenye kikopo changu. Halafu naijaza krimu yako mwenyewe ya kopo, ile ya kulainisha, naukunja mkia na kuubana. Nyeupe kwa nyeupe, na hazina harufu. Umekuwa ukipaka krimu, unasubiri nusu saa kwa utii, kisha unapaka krimu ileile. Nilikuona ukihesabu dakika kwenye saa ya ukutani.

Na bado sijamaliza. Ningeweza kukudanganya kwamba yote yalikuwa tamaa ya uso. Mwanzoni ndiyo. Lakini mikono yako ilipopasuka tena na ukashindwa kufumba vidole, Mzee Rula alinipa brashi yako akaniambia niishike kwa muda. Tangu hapo sikuhitaji tena uso mzuri. Nilihitaji mikono yako isipone. Tyubu ya tatu niliijaza nikijua hivyo, na ulipopanda basi kwenda kwa mama kupumzika nilikutilia mwenyewe kwenye mkoba, nikakukumbusha usisahau kupaka.

Sasa mama amenitumia ujumbe kwamba daktari wa huko ameona dawa ya kupaka imeshindwa kwako, na Alhamisi ijayo anataka kukuanzishia vidonge vikali, vya kupimwa damu kila mara. Na kwamba umeshamwambia mjomba utakaa dukani kwake, maana mkono wa brashi umekwisha. Mama ameandika kwamba ulilia ukisema hivyo. Nimepiga simu mara mbili. Mara zote mbili nimesikia sauti yako nikaanza kuuliza habari za mvua.

Dawa haijashindwa, mdogo wangu. Haijapata kugusa mikono yako tangu ile tyubu ya kwanza. Chukua iliyo kwenye mkoba, igeuze mkia, uangalie vizuri. Mkunjo wa kiwandani huwa umenyooka. Huo utauona umepinda kidogo, na juu yake kuna alama za meno ya koleo. Mbebee daktari tyubu hiyo pamoja na barua hii, azisome zote mbili kabla hajaandika chochote. Usianze wala kuacha kitu mpaka aseme. Akikuandikia tena dawa ya kupaka, nenda ukaichukue mwenyewe, na usipokee chochote kutoka mkononi mwangu.

Mzee Rula nimeshamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nimpe koleo, nikampa, akaliweka mfukoni mwake. Kisha akachukua brashi yako, akaiosha, akaitundika kwenye msumari wako. Mimi nimerudi kwenye rangi ya chini. Nusu ya ubao ule imefutwa, inakusubiri.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii, maana ningekuwa nakuomba kitu tena. Na nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Nilipoona brashi ile inarudi msumarini, moyo uliniuma.

Msalimie sana mama. Kama utamsomea barua hii au utamficha, uamuzi ni wako, mimi nimekuficha vya kutosha. Msalimie mjomba, umwambie atafute mtu mwingine wa dukani. Jirani anayekuja huko kesho ndiye atakayekuletea bahasha hii, na nimemwambia akupe wewe mkononi. Jina lako juu yake nimeliandika kwa brashi, polepole, nikiwa nimebana pumzi. Limelala kidogo.

Ni mimi,
dada yako, aliyekushikia ngazi