Mkono wa Arroyo

Arroyo, Puerto Rico
4 Juni 1998

Baba mpendwa,

Naomba baraka zako. Natumai u mzima huko Campeche na kwamba hao vijana unaowafundisha kurusha mpira hawakupandishi presha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Amesema niandike hivyo, nami nimeandika.

Habari najua imeshakufikia. Timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zimechagua vijana wao wa mwaka huu, nami nimo, raundi ya tatu. Don Efraín, mtafuta vipaji wa klabu iliyonichagua, alifika na gari kabla sijamaliza kahawa yangu, na hadi jioni uani palikuwa na watu kama arobaini wakila wali wa mbaazi wa Mama. Kila mmoja alinishika mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama ananunua kuku. Mzee wa duka la dawa aliniambia, "Wewe ni mtoto wa Mkono wa Arroyo. Usituaibishe."

Chuo cha Florida nacho kimeandika. Miaka minne, masomo bure, ila niwachezee. Klabu ina haki juu yangu mpaka siku nitakayoingia darasani, tarehe 24 Agosti. Nikishakaa kwenye kiti, basi, hawana lao tena. Mama ameshanunua sanduku la safari. Don Efraín ameacha kalamu yake mezani, eti ameisahau.

Wewe wasemaje? Ningekupigia, lakini kwenye simu sisi wawili huishia kuzungumzia mvua.

Mwanao,
Heriberto


Campeche, Mexico
15 Juni 1998

Mwanangu Beto,

Mungu akubariki. Barua yako imefika, na mimi ni mzima isipokuwa joto. Nilimwonyesha mpishi wa hoteli mwandiko wako. Akasema mtu wa herufi zilizonyooka hivi angefaa kuwa karani wa mahakama. Nikaringa, ingawa mwandiko ni wa mama yako.

Nenda chuo.

Mimi nilisaini nikiwa na miaka kumi na saba, juu ya boneti ya gari, karatasi ambayo sikuisoma. Leo nikichana nywele nainamisha kichwa kukifuata kitana, kwa sababu mkono haupandi. Kwenye ule ukuta wa uwanja walikonichora, mkono umenyooka juu mpaka unagusa paa. Mchoraji hajawahi kuniona nikichana nywele.

Mrudishie Efraín kalamu yake. Yeye si mtu mbaya, tumekula naye miaka mingi, lakini kazi yake ni kukusainisha. Chuo kina mvulana mmoja tu wa kuniletea mimi cheti nikitundike ukutani, na mvulana huyo ni wewe.

Baba yako,
Anselmo


Arroyo
27 Juni 1998

Baba,

Naomba baraka. Sote wazima. Naandika kwa kifupi, nina haraka.

Nitasaini. Chuo ni cha mtu mwenye muda. Usimwambie Mama bado, anapiga pasi mashati.

Wiki hii sijafanya mazoezi kwa sababu ya mvua.

Mwanao,
Beto


Campeche
7 Julai 1998

Mwanangu,

Mungu akubariki, na akulinde zaidi ya ninavyoweza mimi.

Mvua gani Arroyo mwezi wa sita? Nimezaliwa hapo. Mwezi wa sita mbuzi wanalamba mabomba.

Barua hii umeiandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala nyuma, na wino umepakaa kwa sababu kiganja kilikuwa kinapita juu ya maneno uliyokwisha kuandika. Usinibishie. Mwaka 1975 nilimwandikia bibi yako vivyo hivyo kutoka hotelini, kiwiko changu kikiwa kimevimba kama embe, na nikamwambia sina shida yoyote. Bibi yako hakujua kusoma. Aliyemsomea ni jirani, doña Monserrate, naye alisoma maneno tu. Hakuna aliyeutazama mwandiko. Miaka yote hii nimefikiri kwamba laiti angekuwepo mtu mmoja wa kuutazama, mkono wangu ungepona.

Sasa mtu huyo yupo, ni mimi, na niko ng'ambo ya bahari, timu ina mechi hamsini na sina hata ruhusa ya siku mbili. Nimekaa na barua yako kitandani, sijui niishike wapi.

Acha kurusha. Usirushe hata jiwe. Nenda Florida, ingia darasani, halafu umwambie kocha ukweli. Niambie kiwiko kinauma tangu lini.

Baba yako


Arroyo
18 Julai 1998

Baba,

Tangu Machi. Nilirusha Jumamosi, nikarusha tena Jumatatu. Usiku ule sikuweza kushika kijiko. Kiwiko kinapoa, kisha kinauma tena. Mama anafikiri nimeacha kumsaidia vyombo kwa sababu ya kiburi.

Unasema nimwambie kocha wa chuo. Baba, ile miaka minne huitoa mwaka mmoja mmoja. Wakijua, mwakani mvulana mwingine atakaa kwenye kiti changu. Klabu hulipa siku ya kusaini, na wakishalipa hawawezi kurudi kuchukua. Kwa hiyo mwenye kiwiko kibovu ndiye anayepaswa kusaini upesi. Nimelifikiria hili kuliko somo lolote.

Na usiniulize nani alinifundisha kunyamaza. Kila mwaka Septemba redio inarudia ile mechi yako ya 1973, raundi kumi na nne badala ya tisa, mtangazaji analia, "Mkono wake umekufa na bado anarusha." Nilikuwa na miaka minne, ukanikalisha mapajani tuisikilize. Ulicheka, Baba. Watu walikupigia makofi sebuleni kwetu. Nimekua nikijua kwamba hivyo ndivyo mwanamume anavyofanya.

Don Efraín amesema atakupigia kuuliza habari za mkono wangu. Nakusihi kwa yote unayoyapenda. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke hapa nyumbani.

Beto


Campeche
30 Julai 1998

Mwanangu,

Barua yako haikuomba baraka. Nakupa hata hivyo. Mungu akubariki.

Kuhusu mechi ile. Katika raundi ya kumi na mbili sikuvihisi vidole. Nilikuwa nautazama mpira mkononi ili nijue kama bado nimeushika. Nilimwomba kocha anitoe, akanigeuzia mgongo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuomba mara ya pili. Hilo ndilo lote. Baada ya mechi nilikaa bafuni nikilia hadi mlinzi akazima taa. Redio haikuwepo bafuni. Nilicheka siku ile nawe mapajani kwa sababu watu walikuwa wakinipigia makofi, na niliyapenda hayo makofi kuliko nilivyokupenda wewe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na nimechelewa kuisema.

Jana Efraín alipiga simu hotelini. "Mwenzangu," akasema, "nataka neno lako tu. Kiwiko cha kijana ni kizima?"

Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikasema, "Kizima."

Nilijiambia kwamba daktari wao atakipiga picha ya eksirei na kuona mwenyewe, nawe hutakuwa na sababu ya kunichukia mimi. Nimelala vibaya. Beto, bado kuna siku ishirini na tano kabla ya darasa. Nenda ukakae kwenye kile kiti.

Baba yako


Florida, kambi ya klabu
24 Agosti 1998

Baba,

Hujambo? Mimi ni mzima kabisa. Nilisaini tarehe sita, nyumbani, kwa ile kalamu. Mama hakulia mbele yao.

Nakushukuru. Don Efraín aliwaambia kwamba amepata neno la Mkono wa Arroyo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya picha. Daktari alinikunja kiwiko mara mbili, tukacheka, akaandika.

Chuo kiko mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Leo asubuhi ndio walikuwa wanaingia darasani. Nilitazama saa ilipofika mbili, kisha tukaitwa uwanjani.

Usihangaike kuandika sana, hapa tunahamahama.

Heriberto


Arroyo
30 Oktoba 1998

Mwanangu,

Mungu akubariki. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Agosti. Labda zile mbili zinakufuata kambi hadi kambi.

Msimu umekwisha, nimerudi. Nilimpigia Efraín nikamwambia nilidanganya, kiwiko chako kibovu tangu Machi. Akacheka kwa upole. "Anselmo," akasema, "baba wote huogopa mwishoni. Kijana anarusha moto." Nikampigia tena, nikamwapia. Sasa hapokei. Nimepiga kambini, nao wanasema uko uwanjani. Uwanjani kila mara.

Vijana wa mtaani wanakuchora ukutani kando yangu. Wameniuliza mkono wako uinuke mpaka wapi.

Jana mama yako alinifungulia mlango, mara ya kwanza kwa miaka sita. Sanduku bado liko sebuleni. Akanionyesha barua unazomwandikia. "Tazama," akasema, "anavyoandika vizuri siku hizi." Nikazitazama. Kisha nikatoa ile yako ya Agosti, nikaziweka zote mezani pamoja na ile ya Juni ya mashati na mvua. Hizi mpya herufi zimenyooka, wino haujapakaa popote. Nilizishika dirishani hadi mama yako akauliza ninatafuta nini, nikamwambia natafuta tarehe.

Sijui, Beto. Ama umepona, ama umejizoeza. Zamani niliweza kuona.

Sikuulizi kitu kingine, wala sitakuja huko kukuaibisha. Nijibu mstari mmoja tu: hizi unaziandika kwa mkono upi?

Baba yako