Saa Iliyoezeka Nyumba ya Sigino

Baba,

Jana tulianua matanga. Watu walijaa hapa Nakwa, hata walimu waliokuwa wakileta wanafunzi kutazama zile saa za zamani ulizoachiwa na walowezi walipoondoka mashambani. Nilikulilia, Baba. Nililia mpaka baba mdogo Bura aliposimama kushukuru watu.

Alisema wewe ulikuwa ndugu wa kweli. Kwamba kwa uhaba huu wa bidhaa madukani nyumba yake ya Sigino isingepata bati hata moja, kama usingempa ile saa ya ukutani yenye ndege wa mbao akabadilishane na mfanyabiashara wa Arusha. Aliyasema huku machozi yanamtoka. Hakujua kwamba sisi hatujui.

Sisi ulituambia iko kwa fundi mwenzako, inasubiri springi. Kila nikikuuliza, "Vumilia, Paulina, itarudi." Na mimi nikawa nawaambia wanafunzi hivyohivyo, nikiwaonyesha ukuta mtupu.

Mama alikuwa amekaa mkekani. Nikakumbuka alivyokuomba utoe moja tu, ile ndogo yenye maua ya shaba, apate blanketi na sabuni. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na kifua kinambana kila asubuhi. Ukamjibu, "Haya ni makumbusho ya watu wa Babati. Siwezi kuyageuza sabuni." Nilijivunia maneno yale. Niliwasimulia wageni.

Ungetuambia tu. Baba mdogo alikuwa ananyeshewa pamoja na watoto wake, nani angekukatalia? Lakini ulimsikia Mama akikohoa chumba cha pili, na wewe unajua kabisa kwamba saa zinaweza kutoka. Ukanyamaza. Hapo ndipo ninaposhindwa kukuelewa, Baba.

Leo asubuhi Mama aliniomba ufunguo wa chumba cha saa. Akazipitia zote, ile ya marumaru, ile yenye malaika wawili, halafu akaichukua ile ya maua ya shaba. "Hii inatosha," akasema. Akaifunga kwenye kanga, akaenda sokoni peke yake. Mchana akarudi na blanketi, sukari kidogo na sabuni ya mche. Sasa amelala, amejifunika mpaka shingoni.

Kwaheri, Baba. Pumzika, ingawa hasira yangu bado haijapumzika. Zilizobaki nitazifuta vumbi, na wanafunzi nitawafungulia mlango. Ila Mama akihitaji nyingine, nitambebea mwenyewe mpaka sokoni.

Mwanao,
Paulina